Nimeambiwa shamba linataka chokaa: ni chokaa ipi?

"Nina shamba la eka moja Umalila, Mbeya Vijijini. Nalima mahindi na maharage, mwaka mwingine viazi. Misimu hii mahindi yanadumaa na majani yanakuwa zambarau hata nikiweka DAP. Afisa ugani alipima udongo kwa kifaa chake, akasema pH ni 4.7, niweke chokaa. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi Mbalizi, nikanunua mifuko minane ya kilo 25. Jirani anasema hiyo ni ya kupaka nyumba na itaunguza mahindi. Duka la pembejeo nimeona chokaa ya kuku. Mwingine ananiambia chokaa ni chokaa, zote ni mawe ya Songwe. Kijana wangu wa sekondari naye anasema chokaa ni madini yaliyomo kwenye maziwa na mifupa. Nani anasema kweli, na hii mifuko niifanyeje?"

Ndugu yangu, wasiwasi wako una msingi, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufungua mifuko. Usiitupe, ila usiimwage shambani kesho. Inaweza kukufaa, kwa kipimo chake na kwa tahadhari ambazo chokaa ya kilimo ya kawaida haizihitaji sana. Na kuhusu nani anasema kweli: wote wanne wana ukweli fulani mkononi, ila kila mmoja anazungumzia kitu tofauti kwa jina lile lile. Mwashi, mfugaji, daktari na bwana shamba wakisema "chokaa", kila mmoja ana unga wake akilini. Bila kuzitenganisha hizo chokaa huwezi kupata kipimo, kwa hiyo nianzie hapo.

Mwanzo wa yote ni jiwe. Mawe ya chokaa kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Pwani hupatikana kwenye matumbawe, na ndiyo yaliyochomwa zamani kupata chokaa ya kujengea nyumba za mawe za Kilwa na Zanzibar. Huku kwetu, bonde la Songwe magharibi ya jiji la Mbeya lina mawe ya chokaa yaliyojijenga kutokana na maji ya chemchemi za moto: maji yanatoka chini yakiwa yamebeba kalsiamu, yakifika juu yanaachia hewa ukaa, na chokaa inaganda tabaka juu ya tabaka. Mawe hayo ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji. Aliyekuambia "zote ni mawe ya Songwe" kwa hiyo hakukosea sana kuhusu asili. Alichoruka ni yale yanayolipata jiwe baada ya kuchimbwa.

Jiwe likisagwa tu, bila kuchomwa, unapata unga wa kalsiamu kaboneti. Hiyo ndiyo chokaa ya kilimo. Ukiishika haikuunguzi, ukiitia majini haipati joto wala haiyeyuki kwa macho.

Jiwe likiingizwa kwenye tanuru na kufikia nyuzijoto kama 900, mambo yanabadilika. Hewa ukaa inatoka na kupaa, na kinachobaki ni kalsiamu oksaidi, ambayo mafundi huiita chokaa hai au chokaa isiyozimwa. Kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 tu za chokaa hai; kilo 44 zimekwenda hewani. Chokaa hai ni kali. Ina kiu ya maji, na ikiyapata inachemka kwelikweli, inavimba na kutoa mvuke. Zile kilo 56 hunywa lita 18 za maji na kuwa kilo 74 za kitu cha tatu, kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa. Huo ndio unga mweupe laini unaouzwa kwenye maduka ya ujenzi kwa kupaka kuta na kuchanganya lipu. Kwa maelezo yako, yaelekea ndio uliomo kwenye mifuko yako.

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo wengi hawaijui. Chokaa iliyozimwa ikikaa wazi hufyonza hewa ukaa polepole na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti, jiwe lile lile la mwanzo. Ukuta uliopakwa chokaa unakuwa mgumu baada ya wiki kadhaa kwa sababu hiyo. Na kijana wako akiuliza, maji ya chokaa wanayotumia maabara yanageuka kuwa kama maziwa ukiyapulizia pumzi kwa mrija kwa sababu hiyo hiyo: hewa ukaa ya pumzi imekutana na kalsiamu haidroksaidi, na chembe za kaboneti zimezaliwa ndani ya maji.

Sasa tuje kwa kijana mwenyewe. Vitabu na vipindi vingi vya afya husema maziwa na dagaa vina "madini ya chokaa". Hapo neno linasimama badala ya kalsiamu yenyewe, madini yanayojenga mifupa na meno. Ni matumizi ya kawaida na si kosa, lakini ndiyo yanayozaa dhana potofu kubwa kuliko zote shambani: kwamba chokaa inaponya udongo kwa sababu ina kalsiamu. Si hivyo. Kinachopunguza tindikali ni mwenzake kalsiamu, ile kaboneti, oksaidi au haidroksaidi iliyoshikana naye. Jasi ndiyo ushahidi. Jasi ni kalsiamu salfeti, ina kalsiamu tele, ni nyeupe, wengine huiuza kama chokaa, na chaki nyingi za shule zimetengenezwa kwayo. Lakini ukiimwaga kwenye udongo wenye pH 4.7 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali inazidi), pH inabaki pale pale. Jasi ina kazi yake kwenye udongo wa magadi, kama ule wa baadhi ya mashamba ya mpunga huko chini Usangu, ambako shida ni sodiamu na siyo tindikali. Kwa hiyo mtu akikuambia "shamba lako lina chumvi, weka chokaa", muulize kwanza amepima nini. Udongo wa chumvi na udongo wa tindikali ni magonjwa mawili tofauti.

Kwa hiyo mifuko unayoweza kukutana nayo kati ya Mbalizi na Mwanjelwa, yote ikiitwa chokaa, ni unga wa jiwe lililosagwa, chokaa hai, chokaa iliyozimwa, na jasi. Ya kuku iko kundi la kwanza: ni jiwe au magamba yaliyosagwa, kalsiamu kaboneti, kwa sababu ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Kikemia ingefaa shambani. Tatizo ni bei, na tatizo la pili ni kwamba ile ya kuku wa mayai mara nyingi husagwa kwa chenga makusudi ili ikae kwenye firigisi, na chenga hizo kwenye udongo zitakaa miaka bila kufanya kazi ya maana. Kinyume chake sikia vizuri: chokaa ya kupaka nyumba usimpe kuku wala ng'ombe hata kidogo. Itamchoma koo na utumbo.

Tuingie kwenye udongo wenyewe, maana ukijua kinachotokea huko chini utaelewa kwa nini DAP yako, ile mbolea yenye fosforasi na naitrojeni, imepotea bure.

Umalila kuna mvua nyingi, na udongo wake umechangiwa na majivu ya volkano. Mvua ya miaka na miaka imesomba kalsiamu na magnesiamu kwenda chini, mavuno yamebeba nyingine, na mbolea zimeongeza tindikali. Hilo la mwisho wakulima hawaambiwi vya kutosha. Naitrojeni ya DAP, urea na hasa SA (salfeti ya amonia) inapogeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, inaacha tindikali nyuma. Kwa SA, kila kilo 100 zinahitaji takriban kilo 110 za unga safi wa jiwe la chokaa ili kufuta tindikali iliyoachwa. Mkulima aliyetumia SA mfululizo kwa miaka kumi bila chokaa amekuwa akijenga tatizo kidogo kidogo bila kujua.

pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa kwenye chembe za mfinyanzi inaanza kuyeyuka. Ikishuka chini ya 5 inakuwa nyingi kiasi cha kudhuru. Alumini inashambulia ncha ya mzizi. Ng'oa mche wa mahindi wa wiki nne kwa uangalifu, tumbukiza kwenye ndoo ya maji hadi udongo utoke, kisha tazama. Mizizi iliyoumizwa na alumini ni mifupi na minene, ncha zake zimevimba na kuwa kahawia, na vile vimizizi vyembamba vya pembeni ni vichache au havipo. Mmea wa namna hiyo ukikutana na siku kumi za jua katikati ya msimu unanyauka wakati unyevu upo sentimita chache chini ya mizizi yake. Alumini hiyo hiyo pamoja na chuma hukamata fosforasi ya DAP na kuifunga, na mahindi yanabaki na njaa ya fosforasi juu ya mbolea uliyoinunua. Ndiyo zambarau unayoiona. Lakini tahadhari moja: Umalila ni baridi, na mahindi machanga hugeuka zambarau kwa baridi tu kisha yakapona jua likitoka. Kama rangi inaisha yenyewe wiki ya tano au ya sita, usiisingizie tindikali. Kama inaendelea na mmea umedumaa, basi inaungana na hicho kipimo cha 4.7.

Chokaa inapofika hapo na kukuta unyevu, kaboneti inapokea haidrojeni ya tindikali, inakuwa maji na hewa ukaa, na hewa inatoka. pH ikipanda, alumini inaganda tena kuwa kitu kisichoyeyuka na kisichodhuru. Kwa mahindi na maharage inatosha kufika 5.5 hadi 6. Usiifukuzie 7. Ukizidisha, zinki, chuma, manganizi na boroni ndizo zinazofungwa sasa, na utaona mahindi machanga yana mkanda mweupe pande mbili za mshipa mkuu wa jani, dalili ya kukosa zinki. Kurudisha pH chini ni kazi ngumu kuliko kuipandisha.

Sasa kiasi. Hapa naomba uniamini: pH 4.7 peke yake haisemi uweke kilo ngapi. Kile kifaa kinapima tindikali iliyo kwenye maji ya udongo tu. Nyingine, ambayo ni nyingi mno, imeshikwa kwenye mfinyanzi na mboji, na itatoka kuziba pengo kila unapoondoa ile ya majini. Udongo wa kichanga wenye 4.7 unaweza kutulia kwa chokaa kidogo. Udongo mweusi wa volkano wenye mboji nyingi, kama mwingi wa Umalila na Rungwe, unaweza kutaka mara mbili au tatu ya hiyo. Kwa udongo wa namna hiyo pendekezo la tani 2 kwa hekta au zaidi si la kushangaza. Ndiyo maana kipimo cha maabara kina thamani, na nitakirudia.

Hesabu yenyewe hufanywa hivi. Maabara ikiandika tani 2 kwa hekta, ina maana ya kalsiamu kaboneti safi na laini. Hiyo ni kilo 20 kwa kila kisanduku cha mita 10 kwa 10. Eka yako ina visanduku kama 40 hivyo, kwa hiyo kilo 800, mifuko 16 ya kilo 50. Ila bidhaa halisi si safi. Mfuko mzuri wa chokaa ya kilimo unaandikwa nguvu yake ya kufuta tindikali kwa asilimia, ukilinganisha na kaboneti safi. Kama ni asilimia 85, gawa kilo 20 kwa 0.85, upate kilo 23 na nusu kwa kisanduku. Chokaa iliyozimwa ina nguvu zaidi, na sababu uko nayo tayari hapo juu: kilo 74 zake zimetokana na kilo 100 za jiwe na zinafanya kazi ile ile, kwa hiyo ikiwa safi ni asilimia 135. Chokaa hai safi ni karibu 179. Chokaa ya jiwe lenye magnesiamu nyingi, dolomaiti, ikiwa safi inafika kama 109, na inafaa hasa pale maabara inapoonyesha magnesiamu imepungua.

Jambo la pili ni ulaini, na hapa wakulima wengi hupunjwa. Chembe inayopita kwenye tundu la robo milimita itafanya kazi yake ndani ya msimu hadi mwaka. Chembe ya zaidi ya milimita 2 ni changarawe uliyoilipia nauli. Sugua unga kati ya vidole: ukihisi laini wote, vizuri. Ukihisi mchanga mwingi, chekecha kopo moja kwa chekecheo la unga uone kinachobaki juu. Kikiwa theluthi moja, dai bei ipunguzwe au tafuta kwingine. Chokaa iliyozimwa kwa kawaida haina tatizo hili, kwa kuwa maji yenyewe huivunja kuwa unga.

Mifuko yako minane ni kilo 200. Tuseme nguvu yake ni asilimia 120, kwa kuwa ya dukani si safi kabisa. Ukiitandaza eka nzima, kila kisanduku kinapata kilo 5, sawa na kilo 6 za kaboneti, yaani kama tani 0.6 kwa hekta. Haitaunguza chochote ikitandazwa sawasawa na mapema, lakini pia mabadiliko yatakuwa madogo na unaweza kusema chokaa haifanyi kazi. Njia ya pili, ambayo ningeichagua mimi ukiwa bado huna majibu ya maabara, ni kuiweka nusu eka tu: visanduku 20, kilo 10 kila kimoja. Hiyo ni sawa na tani 1.2 za kaboneti kwa hekta, kiwango ambacho udongo wako unaweza kukibeba bila hatari ya kuzidi. Nusu nyingine iache bila chokaa, ulime na kuweka mbolea vile vile, na wakati wa kuvuna upime kila upande peke yake. Njia ya tatu ni kuibakiza mifuko kwa ajili ya ukuta na kununua chokaa ya kilimo. Hiyo ya kilimo ndiyo ninayoishauri kwa mahitaji yote yanayobaki, kwa sababu ni salama zaidi mkononi na kwa kawaida ni nafuu zaidi kwa kazi hiyo. Kulinganisha bei usitazame mfuko; gawa bei kwa kilo, kisha gawa kwa nguvu yake.

Jirani yako alipata wapi habari ya kuunguza? Amepata mahali pa kweli. Chokaa iliyozimwa ikiyeyuka, maji yake hufika pH zaidi ya 12. Ukiiweka kwenye shimo la mbegu siku ya kupanda, au ukiirushia juu ya miche, chipukizi litaungua na lawama utaipata wewe. Lakini ikichanganywa na udongo unyevu kwa mwezi mmoja kabla ya kupanda, ukali huo unakwisha, kwa kuwa tindikali ya udongo na hewa ukaa vimeshaitumia. Kinachounguza ni muda na mahali.

Kabla ya yote hakikisha unacho ulichodhani unacho. Soma mfuko: ukiandikwa rangi, gundi au saruji, hiyo ya ukutani iishie ukutani. Kisha weka kijiko kimoja cha unga kwenye kisahani na udondoshee siki. Unga wa jiwe unatoa povu na sauti ya kuchemka. Wa dolomaiti unatoa povu taratibu, inabidi usubiri. Chokaa iliyozimwa haitoi povu au inatoa kidogo, na ikitoa povu jingi ujue imekaa wazi muda mrefu na sehemu yake imerudi kuwa kaboneti; bado inafaa, ila nguvu imeshuka karibu na 100. Jasi haitoi kitu. Kwa chokaa hai, vaa miwani, weka maji nusu kikombe cha bati, tia kijiko kimoja cha unga ndani ya maji (siyo maji juu ya unga), na gusa nje ya kikombe baada ya dakika chache. Ikipata joto la kuhisika, hiyo ni chokaa hai: irudishe dukani, usiipeleke shambani.

Kuweka shambani hakuna siri, ila kuna mpangilio. Mvua zetu zinaanza Novemba, na chokaa haifanyi chochote kwenye udongo mkavu. Kwa hiyo ama uiweke Aprili au Mei baada ya kuvuna maharage udongo ukiwa na unyevu, ama uitandaze Septemba au Oktoba wakati wa kutifua ili mvua za kwanza ziikute chini, na kwa ile ya ujenzi upande baada ya mwezi wa unyevu. Pima visanduku kwa kamba, pima kilo 10 kwenye ndoo kwa mizani mara moja, weka alama kwenye ndoo, kisha tumia alama hiyo. Gawanya kila ndoo mara mbili: nusu ukienda huku, nusu ukikata njia ya kwanza, ili pasibaki sehemu nyeupe na sehemu tupu. Funika siku hiyo hiyo kwa jembe au plau, sentimita 15 hadi 20. Chokaa haisafiri udongoni. Ikibaki juu, itatibu sentimita chache za juu na mizizi itaendelea kuumia chini. Fanya asubuhi kusipokuwa na upepo.

Usiichanganye na DAP, urea, SA wala samadi. Ukizikutanisha utasikia harufu kali ya amonia, na hiyo ndiyo naitrojeni yako inaondoka. Acha angalau wiki mbili kati ya chokaa na mbolea hizo. Na kama unatumia Minjingu ya unga, ile mbolea ya mawe ya fosfeti yaliyosagwa, kumbuka inahitaji tindikali kiasi ili iyeyuke, kwa hiyo usiiweke kwenye udongo uliotoka kupata chokaa nyingi. Hapo DAP au TSP (mbolea nyingine ya fosforasi) itakufaa zaidi, na safari hii mmea utaipata.

Viazi vinahitaji uamuzi wako. Viazi mviringo vinavumilia tindikali hadi karibu pH 5, na udongo uliopandishwa sana na chokaa mpya huleta ukurutu, ile ngozi ya magamba inayoshusha bei sokoni. Weka chokaa baada ya kuvuna viazi, kabla ya mahindi na maharage, siyo kabla ya viazi. Na kama una jirani mwenye chai upande wa Rungwe au Mufindi, mwambie asikuige: chai inastawi kwenye pH 4.5 hadi 5.5, na chokaa itaidhoofisha.

Majivu ya jikoni? Yanapunguza tindikali na yana potasiamu, lakini nguvu yake ni ndogo na inabadilika kila kuni. Kwa bustani ya mboga yanatosha. Kwa eka ungehitaji majivu ya kijiji kizima.

Kuhusu maabara, TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, iko karibu nawe, na sampuli unaichukua mwenyewe. Tembea shamba kwa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, ukitumia jembe safi lisilo na mbolea. Changanya kwenye ndoo ya plastiki safi, chagua kama nusu kilo hadi kilo moja, anika kivulini mbali na jiko na mifuko ya mbolea au chokaa, maana chembe kidogo tu itaharibu majibu. Kama sehemu ya juu ya mteremko na ya bondeni ni tofauti kwa rangi au mavuno, fanya sampuli mbili. Omba pH, alumini, magnesiamu, fosforasi, na zaidi ya yote kiasi cha chokaa kinachohitajika. Majibu yakija, kaa na afisa ugani wako muyasome pamoja. Na unaponunua chokaa ya kilimo uliza kama imesajiliwa TFRA, mamlaka inayosimamia mbolea nchini, na uone cheti cha nguvu na ulaini. Muuzaji asiye na cheti hawezi kukuambia anakuuzia nini.

Kwa mifuko hii uliyonayo, vaa miwani ya fundi, barakoa, mikono mirefu, glavu na gambuti, na watoto wakae mbali. Chokaa iliyozimwa ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Fungua jicho, lisafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 mfululizo bila kuweka siki, maziwa wala dawa yoyote, kisha nenda hospitali mara moja hata kama maumivu yamepungua. Ngozini, kung'uta unga kwanza, ndipo uoshe kwa maji mengi. Mifuko iweke juu ya mbao, mbali na maji na chakula cha mifugo, na ule ulioanza kuutumia ufunge kwa nailoni.

Pima udongo tena baada ya misimu miwili au mitatu, mwezi ule ule uliopima mwanzo, kwa sababu pH hupanda na kushuka na unyevu wa mwaka. Ikiwa imefika 5.5 au zaidi na mizizi ya mahindi imeanza kuwa mirefu na myeupe, punguza SA, na chokaa utaiweka kwa kufidia tu kile mbolea na mvua zinachokiondoa.